Injini Ipoe, Ng'ombe Wakojoe

Vijana wangu wa gereji, mmenizoea vibaya. Nimestaafu, mgongo umegoma kuinama, spana zangu nimewaachia zote isipokuwa ile namba kumi na nne ambayo mmoja wenu aliondoka nayo kabla sijaigawa, na namjua. Bado haipiti wiki bila simu. "Guku, tumepata injini Mwanza, bei poa, tukutumie video?" Mnaniita guku, babu kwa Kisukuma chetu, ili nilainike. Basi mnatuma. Naona injini inanguruma, naona kidole cha muuzaji kinaelekeza hapa na pale, na muziki umewekwa juu yake. Sijui muziki unahusiana nini na pistoni.

Video hainuki oili. Video haina joto la kushika kwa kiganja. Sasa leo kaeni chini niwape habari ya injini ya Mzee Masunga na mkewe Mama Kwandu, watu wa Nkoma, maana karibu kila ninachojua kuhusu kununua injini ya mtumba kimo humo. Tena sijawahi kucheka kazini kama siku zile, ingawa mwisho wake haukuwa wa kucheka.

Masunga alikuwa na Noah ya kubeba abiria kati ya Nkoma na hapa mjini Bariadi. Pamba yake mwaka ule ilikuwa imeharibika, kwa hiyo gari ndilo lililokuwa linalisha nyumba. Dereva wake alikuwa mtu wa furaha. Mshale wa joto ukipanda, yeye alikuwa anaongeza sauti ya redio. Siku moja mshale ukapanda ukakaa huko huko juu, naye akaendelea kuimba mpaka injini ikanoki katikati ya njia. Walipolivuta mpaka kwangu nikafungua, nikakuta silinda hedi imepinda na pistoni zimekwaruza kuta. Nikamwambia Masunga ukweli: hii haitengenezeki, tafuta injini nyingine.

Masunga hakuwa na fedha. Alikuwa na ng'ombe. Si wengi, msidhani wote wenye zizi ni matajiri. Alikuwa na jike moja la maziwa lenye ndama, na mitamba miwili. Basi. Hao ndio waliobaki, na jike lile lilikuwa la Mama Kwandu hasa, yeye ndiye aliyelikamua kila alfajiri na kuwanywesha wajukuu.

Hapa mjini kulikuwa na muuza injini mmoja, Bwana Nkwabi, mtu mnene mwenye sauti ya mnadani. Nkwabi naye alikuwa na shida yake. Mwanawe alikuwa anaoa binti wa kijiji cha Migato, na wakwe wale walikuwa wamekataa mahari ya fedha. Walisema binti yao haozwi kwa meseji ya simu, wanataka kwato ziingie zizini, na walikuwa wameshatoa siku ya mwisho. Nkwabi alikuwa na injini ghala zima lakini hakuwa na hata mbuzi. Mimi ndiye niliyewaunganisha. Nilijiona mjanja sana.

Makubaliano yakawa haya: ng'ombe wa Masunga wote kwa injini moja nzima, na waya zake, na kontroli boksi yake. Hilo la kontroli boksi, ubongo wa injini, nililitia mimi. Zamani, enzi za kabureta, ulikuwa unabeba chuma peke yake unakifunga, kinawaka. Siku hizi ukinunua injini bila boksi lake na waya zake umenunua pambo la sebuleni.

Kabla sijafika kwenye siku yenyewe, niwaambie kidogo kuhusu aliyenifundisha. Fundi Limbu, marehemu sasa, alikuwa mfupi na mwenye hasira za karibu. Alikuwa hasomi injini kwa macho. Akifika dukani anakwenda moja kwa moja, hasalimii, anaweka kiganja juu ya bloku. Ikiwa na joto, anageuka anaondoka. Muuzaji anamfuata: "Fundi, hujaiona hata!" Limbu anajibu huku anatembea, "Nimeiona. Ninyi ndio mmeshaiwasha kabla yangu."

Mnaelewa? Injini mbovu inajificha ikiwa ya moto. Oili imeshapanda, ringi zimetanuka, moshi umeshatoka wote, mlio umetulia. Ikiwa baridi haina pa kujificha. Kwa hiyo muuzaji mjanja anaiamsha mapema, inakohoa peke yake, halafu ukifika anaiwasha kwa mguso mmoja na wewe unatabasamu.

Limbu pia ndiye aliyenifundisha kusikiliza kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye bloku na mpini sikioni, mpaka unasikia beringi moja moja. Mwenzangu mmoja aliiga bila kuuliza, akaweka ncha sikioni. Alitibiwa.

Basi siku ikafika. Ng'ombe walikuwa wameletwa jana yake wakalala kwa shemeji wa Masunga, pembeni ya mji. Asubuhi tukaongozana kwenda kwa Nkwabi: Masunga mbele na fimbo, ng'ombe katikati, Mama Kwandu nyuma na ndoo yake ya kukamulia, mimi na boksi la spana. Nilipowatazama ng'ombe nilifurahi. Walikuwa wamejaa, matumbo yameshiba, ngozi inang'aa. Nikamwambia Masunga, "Mzee, umefuga." Akatazama pembeni. Mama Kwandu akakohoa.

"Mwangaluka," Nkwabi alitupokea getini kwa salamu ya asubuhi, anasugua mikono, kisha akamgeukia Mama Kwandu. "Mwangaluka, mayu. Karibuni. Injini yenu ile pale, nimeiosha mwenyewe."

Na kweli ilikuwa imeoshwa. Ilikuwa imekaa juu ya matairi mawili, betri pembeni, waya zimeshaunganishwa, pampu imezamishwa kwenye ndoo ya petroli. Inang'aa kama sufuria ya harusi. Masunga akaipenda papo hapo. Mimi ikanitia shaka, maana injini ya mtumba ikiwa safi mno ujue mtu amefuta njia ya oili inapovujia. Injini nzuri mara nyingi ina vumbi la zamani, kavu, sawa kila mahali. Kama kuna sehemu moja nyeusi ya mafuta mabichi, hapo ndipo gasketi imechoka. Iliyooshwa haikuambii kitu.

Nikafungua kifuniko cha kutilia oili. Chini yake kulikuwa na povu zito, jeupe la njano.

Masunga akachungulia juu ya bega langu. Mfugaji yule, uso ukamtakata. "Hii ina maziwa," akasema, kama mtu aliyepewa habari njema.

"Mzee," nikamwambia, "kwenye injini maziwa ni msiba. Ni maji yamechanganyika na oili. Gasketi ya hedi inapitisha."

Mama Kwandu akatusogeza wote wawili, akatia kidole kwenye lile povu, akanusa. "Mimi nimekamua tangu sijavunja ungo," akasema. "Hiki kitu hakijawahi kuwa maziwa. Wewe Masunga, ukiona cheupe tu unataka kunywa."

Nkwabi akaingilia kwa haraka. "Ni unyevu tu huo, fundi, nimeosha jana, maji yakaingia. Subirini niiwashe." Akagusanisha waya. Injini ikawaka pale pale, laini, bila moshi. Masunga akanitazama kama vile mimi ndiye mbaya.

Nikanyoosha mkono. Sekunde chache tu tangu iwake, na bloku tayari inaunguza.

"Bwana Nkwabi," nikasema, "zima. Hii injini mbona ina joto?"

"Jua."

"Jua la saa moja asubuhi? Na wewe una paa la bati juu yake?"

Nkwabi akafungua mdomo. Na hapo, nawaapia, kabla hajatoa neno, jike la Masunga likainua mkia likakojoa.

Ng'ombe kukojoa si habari. Lakini huyu alikojoa. Tulisimama tunasubiri amalize ili tuendelee kugombana, na hakumaliza. Mkojo ukafika kwenye tairi la injini, ukazunguka, ukaelekea ofisini kwa Nkwabi. Alipomaliza yeye, mtamba mmoja akaanza. Kisha wa pili. Yule ndama akawatazama wakubwa wake na akachangia kidogo.

Nkwabi akavua kofia. Tumbo la jike lilikuwa linanywea mbele ya macho yetu. "Masunga," akasema polepole, "hawa umewapa chumvi."

Hapa kwetu hakuna asiyelijua hilo. Ng'ombe anayekwenda kuuzwa hulambishwa chumvi, anashikwa na kiu, anakunywa lambo zima, na asubuhi anafika mnadani amenenepa kuliko alivyo. Mimi mwenyewe ni Msukuma na nilikuwa nimemsifu kwa kufuga.

"Kidogo tu," Masunga akasema.

"Kidogo? Ofisi yangu inaelea."

"Na wewe umeiamsha injini ikakohoa kabla hatujaja."

Wakatazamana. Wazee wawili, kila mmoja amemkamata mwenzake na kila mmoja amekamatwa. Mama Kwandu ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo yake. Halafu Nkwabi, tumbo lote likacheka. Halafu sisi. Masunga alikuwa wa mwisho, alikuwa bado anaona aibu mbele ya mkewe.

Lakini kicheko kilipoisha shida ilikuwa pale pale. Masunga akirudi Nkoma na injini ile, atakuwa hana gari na hana ng'ombe, na wajukuu hawana maziwa wala unga. Nkwabi akikosa ng'ombe, mwanawe hana mke. Kila mmoja alimhitaji mwenzake, na hakuna aliyemwamini mwenzake hata kwa dakika moja.

Mama Kwandu akasema, "Basi ipoe. Na hawa wakojoe wamalize. Kesho asubuhi tuone nani ni nani."

Tukakubaliana hivyo. Ng'ombe walale kwenye uwanja wa Nkwabi, nyasi wale, chumvi hakuna. Injini ikae ilipo, na mtu asiiguse. Masunga akadai kiti, akakiweka kando ya injini, akakaa hapo fimbo mapajani kama analinda zizi dhidi ya fisi. Nkwabi naye akatoa kiti, akakaa kando ya ng'ombe. Niliondoka nikiwaacha wanatazamana kutoka pembe mbili za uwanja, wanaulizana habari za ukoo. Baadaye niliambiwa waligundua kuwa bibi zao walitoka kijiji kimoja.

Asubuhi nilifika nimepiga chai vizuri. Nkwabi alikuwa anawazunguka ng'ombe. Matumbo yamerudi mahali pake, mbavu zinaonekana kidogo, macho mazuri, miguu mizima. Akafungua midomo, akatazama meno, akapapasa nundu. "Hawa sasa ndio ng'ombe," akasema. "Jana nilikuwa naona matangi ya maji." Akawapokea bila neno la pili.

Nikaenda kwenye injini. Kiganja juu ya bloku: baridi kama jiwe la kisimani. "Washa," nikamwambia Nkwabi.

Aligusanisha waya mara ya kwanza, ikazunguka tu. Mara ya pili, ikazunguka. Ilipokuja kuwaka ilitoa moshi wa bluu tukapotezana, na ndani yake ikaanza kugonga kama mtu aliyefungiwa nje. Moshi wa bluu ni oili inaungua, ringi zimekwisha. Kugonga ni beringi za kranki. Sikuhitaji hata bisibisi. Nkwabi akaizima mwenyewe.

Masunga alikuwa anawatazama ng'ombe wake, nikajua anafikiria kuwaswaga warudi nyumbani. Nikasikia huruma kwa wote wawili, maana nilijua akiondoka hakuna atakayepona.

Nkwabi akaenda pembeni kabisa ya ghala, akavuta turubai. Chini yake kulikuwa na injini ya aina ile ile, imejaa vumbi, waya zake zimefungwa kwa kamba, boksi lake limefungwa juu yake. "Hii niliiweka kwa gari langu," akasema. "La kwangu linakula oili. Lakini gari nitapanda la mtu. Mkwe siwezi kuazima."

Tazameni sasa nilivyofanya, mjifunze. Kwanza kiganja: baridi, na huyu hakujua kama ningeiona, kwa hiyo haikuandaliwa. Vumbi kavu, sawa pande zote. Namba ya injini inasomeka, haijasagwa. Ikisagwa ondokeni hata kama mnapewa bure, maana ukienda kuibadilisha kwenye kadi ya gari utaulizwa uliiba kwa nani. Kijiti cha oili: nyeusi lakini laini, haina harufu ya kuungua, haina chembe zinazong'aa za chuma nikiisugua kwa vidole. Kifuniko: hakuna povu. Mama Kwandu alichungulia kabla yangu. Nikatoa plagi zote, nyekundu kama udongo, kavu, zinafanana. Nikaizungusha kranki kwa spana na mkono: inazunguka nzito, sawasawa, haikwami popote. Nikapima kompresheni, silinda zote zikajibu karibu sawa. Hilo ndilo la kuangalia zaidi, zifanane. Ndipo nikasema iwekwe juu ya matairi, iwashwe.

Ikasita kidogo mara moja, kama anayeamshwa. Ikawaka. Moshi mweupe mwembamba wa baridi, ukaisha. Nikaweka bisibisi sikioni, upande sahihi. Nikasikiliza mpaka Masunga akaanza kuhema kwa wasiwasi.

"Funga mzigo," nikamwambia Masunga. "Nunua."

Mama Kwandu akaomba kitu kimoja: akamue mara ya mwisho. Akamleta ndama akanyonya kidogo ili maziwa yashuke, akamwondoa, akachuchumaa, kichwa chake kimeegemea ubavu wa jike. Alikuwa anamwambia maneno ya Kisukuma, polepole, sitayarudia. Maziwa yalijaa zaidi ya nusu ya ndoo. Tukanywa wote kwa kikombe kimoja, Nkwabi, Masunga, mimi mwenye mikono ya oili. Akamwambia Nkwabi, "Waambie wa Migato, titi la nyuma kulia ni gumu, wasilivute kwa hasira. Na wasimpigie kelele, anaziba maziwa." Nkwabi akashukuru, "Wabeja, mayu, nitawaambia." Akasema kwa adabu, kofia mkononi.

Nkwabi alipoondoka na ng'ombe, Mama Kwandu hakutazama njia. Akaja niliposimama, akafuta mikono kwenye kanga, akaitazama injini, akanitazama mimi. "Fundi," akasema, "yule nilikuwa najua akiumwa nifanye nini. Hiki sikijui. Kikizima hiki, nitakuja kukukamua wewe."

Nilicheka. Halafu nikafungua kifuniko cha oili nikakitazama tena.

Nilikwenda kuifunga kule kule Nkoma. Nikaweka gasketi mpya, mkanda mpya, rejeta nikaisafisha mpaka nikauona mwanga upande wa pili. Dereva nikampa somo la mshale wa joto, na redio nikaikata waya kwa mkono wangu. Jioni kazi ikaisha, lakini Mama Kwandu akakataa tuwashe. Akasema ilale kwanza. Tukalala.

Alfajiri aliamka saa ile ile aliyokuwa anaamka kukamua. Nilimkuta ameshafungua boneti, kiganja kiko juu ya bloku. Aliridhika kwamba ni baridi, akamwashiria mumewe kwa kichwa. Masunga akapindua ufunguo. Ikashika mara ya kwanza tu. Mama Kwandu akasimama anasikiliza, muda mrefu, mkono bado juu ya chuma, mpaka kikaanza kupata joto.

Zizi lilikuwa tupu nyuma yake. Wajukuu walikuwa wameshaamka, wamekaa kizingitini na vikombe vyao, kwa mazoea tu, hakuna aliyekuwa amewaambia. Mimi nilitamani kuwa mahali pengine. Akafunga boneti taratibu, akaingia ndani, akatoka na kidumu kitupu, akapanda kiti cha mbele karibu na dereva.

"Twende," akasema. "Leo maziwa tunanunua."